UZI: Chipukizi 10 wa Pittsburgh Pirates (besiboli, Marekani) kuelekea 2026. Namba moja haina ubishi, vita inaanzia namba tatu

Mwana_Bukoba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Msimu wa 2025 ndiyo umekwisha, baridi imeshatinga huku Pennsylvania, na sisi mashabiki wa Pirates tunafanya kile tunachofanya kila Novemba: tunaisahau timu kubwa, tunaanza kuhesabu madogo. Timu kubwa yenyewe imeshinda 71 ikapigwa 91. Paul Skenes juzi kabeba Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, kwa kura zote, ERA yake (rani, yaani pointi, anazoruhusu kwa vipindi tisa) 1.97, halafu ukitazama rekodi unakuta kashinda 10 kapoteza 10. Mrushaji bora wa National League nzima (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu), nusu ya hesabu zake ni vipigo, maana wenzake hawampigii rani. Homuruni (mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja) 117 mwaka mzima. Hakuna timu ya ligi kuu iliyopiga chache kuliko hizo.

Kwa wageni wa besiboli: ligi ndogo huku si kikosi B cha kuchezea mechi za utangulizi. Ni ngazi. Dogo anaanzia kambi ya Jamhuri ya Dominika au ya Florida, anapanda Bradenton, anapanda Greensboro, kisha Altoona ambayo ni Double-A, kisha Indianapolis ambayo ni Triple-A, ndipo afike Pittsburgh. Kila kituo ni timu kamili, ina uwanja wake, mashabiki wake na basi lake la kusafiri usiku kucha. Mkataba wa 2023 uliwapandishia mishahara: wa Bradenton kima cha chini kikawa dola 26,200 kwa mwaka, wa Triple-A dola 35,800. Akivuka hatua moja tu juu ya hapo, kima cha chini cha ligi kuu mwaka huu kilikuwa dola 760,000. Mkisikia dogo analia anapopigiwa simu ya kupandishwa, sababu ni hiyo.

Na anayehesabika chipukizi ni yule ambaye hajafikisha mara 130 rasmi za kupiga au inningi (vipindi) 50 za kurusha kule juu. Ndiyo maana Braxton Ashcraft hamumwoni humu, kashamaliza kiporo chake. Bubba Chandler yumo kwa sababu kaishia inningi 31 na ushee.

Sasa kigezo changu, na najua hapa nitatukanwa. Mimi siangalii dogo peke yake, naangalia na nani anayemlea. Pirates wanajua kulea warushaji. Wapigaji wanawaharibu. Henry Davis alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti (zamu ya timu kuchagua vijana wapya) ya 2021, leo anadaka vizuri lakini wastani wake wa kupiga mwaka huu uko chini ya .200, yaani hafikishi pigo safi moja kwa kila majaribio matano. Nick Gonzales alichukuliwa wa 7 mwaka 2020, ni mchezaji wa kawaida tu. Upande wa pili wanao Skenes, Jared Jones, Ashcraft, Chandler. Kwa hiyo mpigaji na mrushaji wakilingana kipaji, mimi ndani ya klabu hii namweka mrushaji juu. Angekuwa ni mtoto wa timu nyingine ningegeuza.

Twende.

1. Konnor Griffin, shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu). Miaka 19. Kachukuliwa wa 9 kwenye drafti ya 2024 akitokea shule ya sekondari huko Mississippi. Msimu wake wa kwanza wa kulipwa kacheza ngazi tatu: Bradenton, Greensboro, Altoona. Wastani .333, homuruni 21, besi alizoiba (kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa) 65. Namrudia huko chini.

2. Bubba Chandler, mrushaji. Huyu alikuwa akaanze chuo Clemson kama kiongozi wa mashambulizi kwenye futiboli ya Kimarekani, Pirates wakamchukua raundi ya tatu 2021 na kumwekea dola milioni 3 mezani ili aachane na chuo. Mpira wake wa kasi unagusa maili 100. Agosti 22 kaingia ligi kuu kwa mara ya kwanza dhidi ya Rockies, karusha inningi nne bila rani, kaondoka na sevu (alama ya aliyelinda ushindi hadi mwisho). Tatizo lake Indianapolis lilikuwa kutoa besi za bure (mipira minne nje ya eneo, mpigaji anatembea hadi besi ya kwanza). Alipofika juu, ajabu, akaacha kuzitoa.

3. Seth Hernandez, mrushaji. Chaguo la 6 la drafti ya mwaka huu, katokea Corona, California. Hajarusha hata mpira mmoja kwenye mechi rasmi ya kulipwa. Ndiyo, namba tatu. Chenjiapu yake (mpira wa polepole wa kumlaghai mpigaji) peke yake ni ya mtu mzima.

4. Hunter Barco, wa mkono wa kushoto. Alichaguliwa raundi ya pili 2022 akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kiwiko, na Septemba hii kagusa ligi kuu.

5. Edward Florentino, mlinzi wa uwanja wa nje, Mdominika, msimu kaucheza akiwa na miaka 18, mrefu, anapiga kushoto. Kapandishwa Bradenton katikati ya msimu na hakushtuka.

6. Antwone Kelly, mrushaji kutoka Aruba. 7. Termarr Johnson. 8. Rafael Flores, mdakaji (anayepokea mipira ya mrushaji). 9. Sammy Stafura, shotistopu tuliyepewa na Reds walipomchukua Ke'Bryan Hayes. 10. Wilber Dotel, kasi anayo, mwelekeo wa mpira bado.

Haya, mawe yaanze.

Kidole_Juu

Nimekaa siti ya mbele na chai yangu. Mkuu, Termarr Johnson namba SABA? Huyu si ndiye 2022 mlituambia ndiye mpigaji safi kuliko wote waliotoka sekondari kwa miaka mingi? Chaguo la nne! Mbona mnawashusha watu kama bei ya nyanya msimu wa mvua?

Mwana_Bukoba

Mkuu, mimi ndiye niliyesema na nilisema kwa sauti. Termarr anaona mpira vizuri, anajua kuacha ule usiofaa, besi za bure anazipata nyingi. Ila ule uwezo wa kuupeleka mpira nje ya uwanja tulioahidiwa bado haujaonekana akiwa Altoona. Na kwa umbile lake na nafasi ya besi ya pili anayocheza, asipopiga kwa nguvu hana pa kujificha. Shotistopu anaweza kuishi kwa glovu. Wa besi ya pili hana ruhusa hiyo.

Dada_wa_Columbus

Mimi naishi Ohio, timu yangu ni Guardians wa Cleveland, kwa hiyo nasoma uzi huu kwa furaha ya jirani. Swali moja: mwanzisha uzi anasema Pirates wanajua kulea warushaji. Tyler Glasnow je? Mlimlea mkamtoa kwa Tampa Bay Julai 2018 pamoja na Austin Meadows, na Shane Baz akafuatia kama nyongeza, mkapewa Chris Archer. Glasnow alipofika Tampa akawa mtu mwingine. Halafu Quinn Priester: mlimtoa 2024 kwenda Boston, Boston wakampeleka Milwaukee, na msimu huu kashinda 13 kapoteza 3 kwenye divisheni yenu wenyewe. Huko kulea ni kulea gani?

Msela_Nai254

😂😂😂 huyo dada amekuja na mafaili.

Mwana_Bukoba

@Dada_wa_Columbus karibu sana. Glasnow ni kesi ya utawala uliopita. Wakati ule falsafa ya klabu ilikuwa rusha chini, mpira ukipigwa utambae ardhini, walinzi wamalizie. Mtu ana maili 98 na mpira wa kupinda unaoanguka kama jiwe kisimani, unamwambia alenge chini ya magoti! Ben Cherington kaja Novemba 2019 na kusafisha nyumba. Priester alichaguliwa kabla yake lakini kalelewa ndani ya utawala wake, hilo silikwepi. Hata hivyo tazama waliofuata. Skenes tusimhesabu, yule alikuja ameiva kutoka chuo cha LSU. Jones alitokea raundi ya pili, Chandler ya tatu, Ashcraft ya pili tena baada ya majeraha yasiyoisha. Hao ni matunda ya kiwanda. Sasa nitajie mpigaji mmoja aliyekulia hapa tangu 2020 ambaye kocha mwingine angemtamani.

Dada_wa_Columbus

Griffin.

Mwana_Bukoba

Ndiyo nafika huko dada, ngoja nile kwanza.

Nalubaale256

Salaam ndugu zangu, niko Kampala. Nimesoma orodha mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Yuko wapi David Matoma? Mganda wetu, kasajiliwa na Pirates hao hao 2023, anarusha mpira karibu na maili 100, na ninyi Waswahili wa Pittsburgh hamna hata nafasi ya kumi kwa ajili yake? Dotel mnamweka kwa sababu ana kasi bila mwelekeo. Matoma ana kasi hiyo hiyo!

Binti_Pangani

Kumbe kuna Mganda? Naomba mnieleze taratibu, mimi nilijua huu mchezo ni wa Wamarekani na Wajapani tu.

Nalubaale256

@Binti_Pangani Uganda tuna historia. 2011 watoto wa Kampala walifuzu kwenda Mashindano ya Dunia ya Little League kule Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza. 2012 watoto wa Lugazi wakafuzu, safari hii wakaenda, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza kule. 2022 Dodgers wakasajili vijana wetu wawili, Umar Male na Ben Serunkuma. Kuna Dennis Kasumba pia, yule mdakaji ambaye video zake za kufanya mazoezi na matairi zilizunguka dunia nzima, 2023 akacheza Frederick Keys kwenye ligi ya wanaosubiri drafti. Halafu Matoma. Mpira anarusha kwa mkono uliokulia Uganda, si Florida.

Binti_Pangani

Asante kaka. Hapa Dar nilishaona watoto wa shule wakicheza mashindano yanayoitwa Tanzania Koshien, Wajapani ndio waliotuletea. Nilidhani ni kriketi iliyokosea njia.

Mwana_Bukoba

@Nalubaale256 kaka yangu, Matoma namfuatilia kuliko unavyofikiri, na Pirates wana jina kwetu Waafrika. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini walimsajili 2008. Alikulia ndani ya klabu ya besiboli Randburg ambako mama yake alikuwa anafanya kazi, chumba chao kilikuwa humo humo klabuni. Karuka ngazi moja baada ya nyingine miaka yote ile hadi Aprili 26, 2017, usiku ule dhidi ya Cubs pale PNC Park. Mara yake ya kwanza kushika gongo ligi kuu anakutana na Jon Lester, na akapiga akafika besi ya kwanza. Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli.

Ila ukitazama orodha za zamani za chipukizi wa Pirates, Ngoepe hakuwahi kuwa wa kwanza wala wa pili. Glovu yake ilikuwa ya ligi kuu tangu zamani, gongo ndilo lililomchelewesha. Orodha zilimtendea haki kwa kile alichokuwa nacho, na yeye akafika hata hivyo.

Matoma yuko ngazi za chini na anatumika kama mrushaji wa kuingia katikati ya mechi. Anayeingia inningi moja moja huwa hathaminiwi sawa na anayeanza mechi, hata kasi ikilingana. Dotel anaanza mechi, tena Double-A, mpira wa mwisho-mwisho kabla ya watu wazima. Hiyo ndiyo tofauti, wala si kasi. Ningemweka Matoma kwenye 30 bora bila kusita. Kumi bora kwa sasa ni kwa mapenzi ya Kiafrika, na mapenzi nayaweka kwenye jezi.

Nalubaale256

Umejibu vizuri lakini sijaridhika. Nitarudi mwaka kesho na uzi huu huu mkononi.

Mzee_Kigamboni

Vijana, mimi nimeanza kufuatilia huu mchezo nilipokuwa nasomea uhandisi Marekani. Nawauliza swali la kitaalamu. Hizi namba za skauti mnazozitaja, 50, 60, 70, ni asilimia? Maana mjukuu wangu aliniambia Griffin ana "70 ya mbio" nikadhani kafeli kidogo.

Mwana_Bukoba

Shikamoo mzee. Si asilimia. Ni kipimo kinachoanzia 20 na kuishia 80. 50 ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu, si wa wastani wa mtaani. 60 ni mtu wa kumtegemea, 70 ni wa kuitwa kwenye mechi ya nyota, 80 unaona mara chache sana katika maisha yako ya uskauti. Kila kitu kinapimwa peke yake: kugusa mpira, nguvu ya kupiga, mbio, ulinzi, mkono. Kwa hiyo 70 ya mbio ni dogo anayeacha vumbi.

Na hapo ndipo namrudia Griffin.

Kabla ya drafti kila aliyeandika juu yake aliandika kitu kimoja: mwili anao, mbio anazo, mkono anao, nguvu anazo, lakini je, ataugusa mpira? Mzungusho wake wa gongo ulikuwa na mambo mengi. Timu nane zikampita, na kwa wengine sababu ilikuwa hiyo. Pirates wakamwekea dola milioni 6.5, wakakaa naye Florida, wakamtuliza mikono. Matokeo mmeyaona.

Mwishoni mwa msimu niliendesha gari hadi Altoona kumwona kwa macho yangu. Uwanja wenyewe nyuma ya ukuta wa kulia kuna treni ya kupanda na kushuka ya bustani ya michezo. Mimi sikukaa nyuma ya sahani (anaposimama mpigaji), nilikaa upande wa besi ya tatu makusudi ili nimtazame akiwa hana mpira. Mwenzake alipiga mpira laini kwenda kulia, Griffin yuko besi ya kwanza. Wengine wangesimama ya pili. Yeye alikuwa ameshamtazama mlinzi wa kulia kabla mpira haujapigwa, akajua kasimama mbali na mstari, akapita ya pili bila kupunguza hata hatua moja, akafika ya tatu amesimama, hata kuteleza hakuteleza. Umri miaka 19, wengi uwanjani pale wamemzidi miaka minne mitano. Takwimu za besi 65 zinakwambia ana mbio. Hazikwambii kwamba anasoma mchezo.

Dada_wa_Columbus

Basi kigezo chako kimevunjika, mkuu. Klabu inayoharibu wapigaji imemtengeneza mpigaji bora wa ligi ndogo zote.

Mwana_Bukoba

Mmoja. Nasubiri wa pili. Florentino akifanya hivyo hivyo Greensboro mwakani, nafungua uzi mpya.

Takwimu_Tu

Hapo kwa Greensboro mkuu chukua tahadhari. Uwanja ule unawabeba wapigaji, mpira unaruka nje kama umelipiwa nauli. Homuruni za Greensboro mimi nazikata kabla sijazisoma. Na kinyume chake, mrushaji anayetoka pale na ERA nzuri mwongeze pointi. Ndiyo maana Kelly nakubaliana nawe kumweka sita, ningempandisha hata tano. Karusha Greensboro, kapanda Altoona, hakutetereka.

Swali langu liko kwa Hernandez. Unamwekaje mtoto ambaye hajarusha rasmi juu ya Barco ambaye tayari kaonja ligi kuu? Hii orodha ni ya chipukizi wa kufikirika?

Mwana_Bukoba

Swali zuri. Barco nampenda, slaida yake (mpira wa kasi unaokata pembeni) wapigaji wa mkono wa kushoto wanaiota. Lakini nikimpima kwa ile 20 hadi 80, yeye ni 50, labda 55: mwanzaji wa nne, mtu wa kazi. Hernandez akifika, ni mwanzaji wa kwanza au wa pili. Najua "akifika" hilo limebeba mzigo mzito. Warushaji wa sekondari wa mkono wa kulia ndio kundi linaloogopesha kuliko yote kwenye drafti, timu nyingi hazitaki hata kuwagusa raundi ya kwanza. Mimi namweka pale kwa sababu kaanguka kwenye klabu ambayo kazi hiyo inaiweza. Ni kigezo kile kile.

Takwimu_Tu

Na viwiko? Jared Jones alikuwa anarusha moto 2024, Mei mwaka huu kalazwa mezani kafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Barco alishapasuliwa. Ashcraft naye alishapasuliwa. Klabu "inayojua kulea" nayo inavunja. Mrushaji ukimpandisha lazima uweke hesabu ya mwaka mmoja na nusu wa kukaa nje, maana utafika tu. Ukiweka hesabu hiyo, Florentino anakaa namba tatu peke yake: msimu wa miaka 18, nguvu anazo, besi anaiba, kiwiko chake hakimhusu mtu.

Msela_Nai254

Hapo ameongea.

Kidole_Juu

Naunga mkono hoja. Florentino namba tatu.

Mwana_Bukoba

Viwiko vinavunjika kila klabu, Takwimu. Kama ungenionyesha kwamba Pittsburgh vinavunjika kuliko kwingine ningesogea. Ila kwa Florentino nakusikia. Sina ugomvi na mtu anayemweka tatu. Nina ugomvi na anayemweka Termarr tatu.

Kidole_Juu

Sijamtaja tena jamani, mbona mnanifuata?

Shabiki_wa_Bednar

Mimi nimekuja kwa jambo moja tu. David Bednar ni mtoto wa hapa hapa, kakulia kitongoji kinachoitwa Mars kaskazini mwa jiji. Mnamtoa kwa Yankees Julai halafu mnaleta mdakaji wa kuwekwa namba nane? Namba nane!

Mwana_Bukoba

Pole ndugu, jirani yangu mpaka leo hajavua fulana yake. Ila Flores usimdharau. Huyu hakuchaguliwa na mtu kwenye drafti, Yankees walimwokota 2022 akitokea chuo kidogo cha jamii California, akapanda mwenyewe kwa gongo lake hadi Septemba hii kavaa jezi ya Pirates ligi kuu. Nimemweka nane kwa sababu sijui kama atabaki nyuma ya sahani au atahamishiwa besi ya kwanza. Mdakaji anayepiga vile ni mali. Wa besi ya kwanza anayepiga vile wamejaa.

Halafu kuna jambo la mwakani litakalowagusa wadakaji wote: ligi kuu imepitisha mfumo wa mashine wa kukata rufaa ya straiki (mpira uliopita eneo halali) kuanzia 2026. Triple-A wameuzoea tayari. Mdakaji aliyekuwa anaishi kwa kumwibia mwamuzi straiki za pembeni thamani yake inapungua kidogo, anayepiga inapanda. Kwa Flores hiyo ni habari njema.

Msela_Nai254

Sasa tuongee pesa wazee. Griffin mwakani anaanza na timu kubwa siku ya ufunguzi ama wanamficha Indianapolis wakihesabu siku kama walivyomfanyia Skenes?

Mwana_Bukoba

Hili ndilo nililokuwa nangoja mtu aulize, na wengi hawajui kwamba orodha za chipukizi zimeingia ndani ya mkataba wa ligi.

Ipo hivi. Mchezaji anahitaji miaka sita ya utumishi kabla ya kuwa huru kuuza huduma yake kokote. Mwaka mmoja ni siku 172. Zamani timu ilimficha dogo chini wiki chache tu, mwaka haukamiliki, ikapata msimu wa saba kwa bei ya chee. Mkataba wa 2022 ukaweka ndoano mbili. Kwanza: dogo aliye kwenye 100 bora ya angalau orodha mbili kati ya tatu, yaani Baseball America, ESPN na MLB Pipeline, akipewa mwaka kamili tangu mwanzo na akashinda Ruki Bora (tuzo ya mchezaji mpya bora), timu inapewa chaguo la ziada la drafti. Mariners walilipata kwa Julio Rodríguez 2022. Pili: ukimficha, halafu akamaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za Ruki Bora, anapewa mwaka mzima hata kama hakuufikisha.

Skenes walimleta Mei 11, 2024. Akashinda Ruki Bora. Akapewa mwaka wake wote, na Pirates hawakupata chaguo. Walikosa vyote viwili. Ukiniuliza mimi, Griffin wakimficha hadi Mei watakuwa wanataka kula hasara ile ile.

Takwimu_Tu

Kacheza mechi chache tu Double-A, mkuu. Triple-A hajakanyaga. Akianza na .190 Aprili mtasema nini?

Mwana_Bukoba

Nitasema timu iliyopiga homuruni 117 haina mtu wa kumwonea wivu pale shotistopu. Akipiga .190 huku anakimbia na kulinda vile, bado nafasi ni yake.

Dada_wa_Columbus

Mimi nasema watamficha. Wamiliki wa timu zetu hizi mbili nawajua, wanahesabu senti.

Mzee_Kigamboni

Wamwache akapige Triple-A mwezi mmoja. Haraka ya nini? Timu yenyewe haijacheza mtoano tangu 2015.

Msela_Nai254

Mzee ndiyo maana tuna haraka 😂

Nalubaale256

Nimerudi. Mmeongea pesa, viwiko, mashine. Nauliza tena kistaarabu: Matoma namba ngapi kamili? "30 bora" si namba.

Mwana_Bukoba

24. Kati ya 20 na 30 ugomvi ni mwingi, wengi wao ni warushaji wa inningi moja kama yeye, na yeye ana kasi kuliko wengi wao. Akipunguza besi za bure akiwa Bradenton, anaruka hadi 15 bila kuniuliza mimi.

Nalubaale256

24 naipokea. Nai-screenshot.

Kidole_Juu

Na Termarr?

Mwana_Bukoba

Saba, mkuu. Lala salama.